Wiki chache za Julai na Agosti zinazoamua mavuno ya mahindi na soya Marekani

KILA mwaka ifikapo katikati ya Julai, wafanyabiashara wa nafaka kote duniani huelekeza macho katika majimbo ya kati ya Marekani. Hawafuatilii ukubwa wa mashamba wala wingi wa mbolea, kwani mambo hayo huwa yamekwisha kuamuliwa miezi kadhaa kabla. Wanachofuatilia ni hali ya anga: mvua itanyesha lini, joto litapanda kiasi gani, na usiku utakuwa na ubaridi wa kutosha au la.

Sababu ni kwamba Marekani huzalisha takriban theluthi moja ya mahindi yote duniani, na katika uzalishaji wa soya inashika nafasi ya pili nyuma ya Brazil. Sehemu kubwa ya mazao hayo hutoka katika eneo linaloitwa Ukanda wa Mahindi, linalojumuisha majimbo ya Iowa, Illinois, Indiana, Minnesota, Nebraska na sehemu za majimbo jirani. Ingawa wakulima wa huko wana mitambo mikubwa na mbegu za kisasa, wengi wao hutegemea mvua, sawa na wenzao wa Trans Nzoia na Uasin Gishu. Ni Nebraska na maeneo mengine ya magharibi tu ambako maji ya kunyunyizia mashamba, yanayovutwa kutoka chini ya ardhi, yanatumiwa kwa wingi.

Kutokana na hali hiyo, wiki chache za Julai kwa mahindi, na za Agosti kwa soya, zina uzito kuliko miezi mingine yote ya msimu. Mwanzo mzuri waweza kuharibika katika siku kumi, na mwanzo mbaya waweza kurekebishwa kwa mvua mbili au tatu zilizokuja kwa wakati wake. Matokeo yake huonekana katika bei, na bei hiyo hufika mbali na Iowa.

Kalenda ya shamba

Majira ya joto ya Marekani si kiangazi kama kinavyofahamika hapa nchini. Katika Ukanda wa Mahindi, miezi ya Mei hadi Agosti ndiyo yenye mvua nyingi zaidi mwakani, ilhali majira ya baridi huwa makavu na ardhi huganda. Karibu na Juni 21, mchana wa Iowa huzidi saa 15, na mimea hupata jua jingi ambalo mkulima wa eneo la ikweta, mwenye mchana wa saa 12 mwaka mzima, hawezi kulipata kwa siku moja.

Mahindi hupandwa kuanzia katikati ya Aprili hadi mwishoni mwa Mei, udongo ukishapata joto la kutosha. Soya hufuata, hasa mwezi wa Mei na mapema Juni. Mahindi huanza kuchanua mwanzoni au katikati ya Julai, kisha punje hujaa hadi mwanzoni mwa Septemba. Soya nayo huanza kutoa maua mwezi wa Julai, lakini kazi ya kujaza maganda hufanyika hasa mwezi wa Agosti. Mavuno huanza Septemba na kumalizika Novemba, kabla ya theluji.

Mwezi wa Juni, mahindi hayahitaji maji mengi sana. Mimea ingali midogo, na ukavu kiasi waweza hata kuisaidia kupeleka mizizi chini zaidi. Udongo mweusi wa maeneo hayo, uliotokana na nyasi za mbuga zilizoota na kuoza kwa maelfu ya miaka, ni mzito na huhifadhi maji mengi. Mizizi ya mahindi yaweza kufika kina cha mita moja unusu au zaidi. Kwa hivyo, shamba lililoingia Julai likiwa na akiba ya maji ardhini laweza kustahimili wiki mbili bila mvua, wakati shamba lililoingia likiwa kavu halina kinga yoyote.

Julai ni zamu ya mahindi

Ili kuelewa kwa nini Julai inaogopwa, ni lazima kuelewa jinsi mhindi unavyozaa. Mmea huo una maua ya aina mbili. Ua la kiume, yaani mbelewele, huchipuka juu kabisa na kutoa mamilioni ya chembe za chavua. Ua la kike ni lile suke changa lililo katikati ya shina, na nywele zake ndizo zinazopokea chavua. Kila unywele umeunganishwa na punje moja. Unywele usiopata chavua hauzai punje, na pengo hilo hubaki kwenye gunzi hadi siku ya mavuno.

Shughuli hiyo yote huchukua siku chache tu. Mbelewele ya mmea mmoja humwaga chavua kwa takriban wiki moja, hasa asubuhi baada ya umande kukauka. Nywele nazo hurefuka kwa zaidi ya sentimita mbili kwa siku zikitafuta chavua hiyo, na huwa tayari kuipokea kwa siku kumi hivi. Iwapo udongo umekauka, nywele huchelewa kutoka kwa kuwa zinahitaji maji mengi ili kurefuka, lakini mbelewele haizisubiri. Chavua humwagika na kuisha kabla nywele hazijajitokeza. Mkulima atakuja kuona mimea mirefu ya kijani, kumbe magunzi ndani yake yana punje chache.

Joto huongeza madhara hayo. Chavua iliyomwagika haidumu hai kwa muda mrefu, na siku ikiwa na joto kali na upepo mkavu, hufa upesi zaidi. Joto linalozidi nyuzi 35 za Selsiasi pamoja na ukavu hunyausha nywele, na likifika nyuzi 38 au zaidi, chavua yenyewe huathirika. Hata hivyo, wataalamu husisitiza kwamba joto pekee, maji yakiwapo ardhini, halileti hasara kubwa. Mhindi wenye maji ya kutosha hujipoza kwa kutoa mvuke kupitia majani. Hasara kubwa hutokea joto na ukavu vinapokutana.

Kiasi cha maji kinachohitajika wakati huo si kidogo. Mahindi yanayochanua hutumia takriban milimita 7 hadi 8 za maji kwa siku. Shirika la Jiolojia la Marekani hukadiria kwamba ekari moja ya mahindi hutoa kati ya lita 11,400 na 15,100 za mvuke hewani kila siku. Ndiyo sababu wakazi wa miji ya Ukanda wa Mahindi hulalamikia unyevu mwingi wa hewa mwezi wa Julai, wakisema kwa utani kwamba mahindi yanatoa jasho.

Jambo jingine ambalo halizungumzwi sana ni joto la usiku. Mchana mmea hutengeneza sukari kwa kutumia jua, na usiku hutumia sehemu ya sukari hiyo kujiendesha. Usiku ukiwa na joto, matumizi hayo huongezeka na sukari inayobaki kwa ajili ya punje hupungua. Aidha, joto huharakisha kukomaa, hivyo siku za kujaza punje huwa chache. Mwaka wa 2010 ulitoa mfano mzuri. Mwezi wa Agosti, Wizara ya Kilimo ya Marekani ilikadiria mavuno ya busheli 165 kwa ekari. Baada ya mavuno, kiwango halisi kilikuwa karibu busheli 153, na usiku wenye joto la kupita kiasi ulitajwa na wataalamu kuwa miongoni mwa sababu.

Busheli moja ya mahindi ni takriban kilo 25.4. Kwa hesabu ya Kenya, busheli 165 ni zaidi ya magunia 46 ya kilo 90 kwa ekari, na busheli 153 ni magunia 43. Tofauti ya magunia matatu yaweza kuonekana ndogo, lakini ikizidishwa kwa zaidi ya ekari milioni 80 zinazovunwa, inakuwa mamia ya mamilioni ya magunia.

Agosti ni zamu ya soya

Soya ina tabia tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayoipa uvumilivu zaidi. Mahindi hupata nafasi moja ya kuchavushwa. Soya huendelea kutoa maua kwa wiki kadhaa, na hata katika msimu mzuri zaidi ya nusu ya maua hayo huanguka bila kuzaa ganda. Siku kadhaa za ukame zikiangusha maua ya leo, mvua ikirudi mmea waweza kutoa mengine na kufidia.

Vilevile, soya hujitafutia sehemu kubwa ya naitrojeni yake. Bakteria wanaoishi katika vinundu vya mizizi huitoa hewani na kuupa mmea. Ndiyo maana wakulima wengi wa Marekani hupanda mahindi mwaka mmoja na soya mwaka unaofuata katika shamba lilelile. Lakini bakteria hao nao hudhoofika udongo ukikauka.

Uvumilivu wa soya una kikomo. Ikifika Agosti, maganda yakiwa yametokea na mbegu zinaanza kujaa, mmea hauna tena nafasi ya kuanza upya. Ukame wa wakati huo hupunguza idadi ya mbegu katika kila ganda na kuzifanya ndogo na nyepesi. Kwa sababu hiyo, wakulima wa huko husema kwamba mahindi hutengenezwa Julai na soya hutengenezwa Agosti.

Mvua hutoka wapi

Mvua ya majira ya joto katika eneo hilo hutegemea hewa yenye unyevu inayovuma kutoka Ghuba ya Mexico kuelekea kaskazini. Mara nyingi hewa hiyo huwasili usiku, na ndiyo sababu ngurumo kubwa za Iowa na Nebraska hutokea baada ya jua kutua. Hewa ya unyevu inapokutana na hewa baridi kutoka Canada, mawingu hupanda na mvua hunyesha.

Tatizo hutokea pale mgandamizo mkubwa wa hewa unapotuama juu ya nyanda za kati. Hewa hushuka badala ya kupanda, mawingu hayajengeki, na ngurumo huzunguka pembeni bila kuingia katikati. Mgandamizo huo ukikaa siku tatu, mahindi hustahimili. Ukikaa wiki tatu katikati ya Julai, ukame huanza kujilisha wenyewe: udongo mkavu hautoi mvuke, hewa inakosa unyevu, joto linazidi kupanda, na mvua inakuwa vigumu zaidi kurudi.

Hali ya joto katika Bahari ya Pasifiki ina mchango wake. Majira ya joto ya El Nino kwa kawaida hayana madhara makubwa kwa Ukanda wa Mahindi, wakati ukame wa 1988 na ule wa 2012 ulihusishwa na La Nina. Wakenya wanazifahamu hali hizo kwa sura nyingine, kwani El Nino huongeza mvua za Oktoba hadi Desemba katika Afrika Mashariki na La Nina huzipunguza. Hivyo basi, La Nina yaweza kuharibu mavuno ya Marekani na kuleta njaa katika maeneo kame ya Kenya katika kipindi kinachokaribiana.

Miaka yenye mafunzo

Historia ya miongo minne iliyopita inaonyesha jinsi hali ya anga inavyoweza kubatilisha matarajio. Mwaka wa 1987 mavuno ya mahindi yalikuwa takriban busheli 120 kwa ekari. Mwaka uliofuata, ukame ulianza mapema na kuendelea hadi Julai, na mavuno yakashuka hadi busheli 85 hivi, yaani kutoka magunia 34 hadi magunia 24.

Mwaka wa 1993 tatizo lilikuwa kinyume. Mvua zilinyesha bila kukoma, mito ya Mississippi na Missouri ikafurika, na mashamba mengi yakakaa ndani ya maji kwa wiki nyingi. Mizizi inahitaji hewa, na udongo uliojaa maji huinyima. Mavuno yalishuka kutoka busheli 131 mwaka wa 1992 hadi takriban 101.

Mwaka wa 2012 ndio unaokumbukwa zaidi na wafanyabiashara wa sasa. Machi ilikuwa na joto lisilo la kawaida, wakulima wakapanda mapema, na ekari 97 milioni zikatengewa mahindi, eneo kubwa zaidi tangu 1937. Mwezi wa Mei wizara ilitarajia busheli 166 kwa ekari. Kisha mvua zikakatika Juni, na mahindi yaliyopandwa mapema yakachanua wakati joto likiwa kali zaidi. Julai 2012 ikavunja rekodi ya joto iliyowekwa Julai 1936 nchini humo. Kufikia mwisho wa mwezi, chini ya robo ya mahindi ndiyo yaliyokuwa katika hali nzuri au bora, na mwanzoni mwa Agosti zaidi ya nusu ya wilaya za Marekani zilikuwa zimetangazwa kuwa maeneo ya janga. Mavuno ya mwisho yalikuwa busheli 123 kwa ekari, sawa na magunia 35 badala ya 47 yaliyotarajiwa.

Soya ya mwaka huohuo inaonyesha tofauti iliyoelezwa hapo juu. Mwezi wa Septemba makadirio yake yalikuwa yameshuka hadi busheli 35 kwa ekari. Lakini mvua zilikuwa zimerudi katika maeneo mengi mwishoni mwa Agosti, zikiwamo zile zilizoletwa na kimbunga Isaac, na mavuno ya mwisho yakapanda hadi karibu busheli 40. Mvua hizo hazikuweza kuyasaidia mahindi, kwa kuwa wakati wake ulikuwa umepita.

Mwaka wa 2019 majira ya kuchipua yalikuwa na mvua nyingi kiasi kwamba zaidi ya ekari 19 milioni hazikupandwa kabisa, na sehemu kubwa yake ilikuwa imekusudiwa mahindi. Agosti 10, 2020, dhoruba ya upepo uliozidi kasi ya kilomita 160 kwa saa ilipita Iowa na kulaza mamia ya maelfu ya ekari za mahindi yaliyokuwa yakijaza punje.

Mwaka wa 2023 ulikuwa kinyume cha 2012. Juni ilikuwa kavu, na mwishoni mwa mwezi nusu tu ya mahindi yalitajwa kuwa katika hali nzuri au bora, kiwango cha chini zaidi kwa wakati huo tangu 1988. Wengi walidhani janga limerudi. Lakini mvua zilifika Julai, wakati mahindi yanachanua, na mavuno yakawa busheli 177 kwa ekari, sawa na magunia 50, rekodi ya wakati huo. Ukame wa Juni na ukame wa Julai si kitu kimoja.

Taarifa zinazotikisa soko

Wizara ya Kilimo ya Marekani hutoa taarifa ya hali ya mazao kila Jumatatu alasiri, kuanzia Aprili hadi Novemba. Kwa saa za Nairobi huwa ni saa tano usiku. Taarifa hiyo hugawa mazao katika makundi matano, kuanzia yaliyo mabaya sana hadi yaliyo bora, na wafanyabiashara hujumlisha makundi mawili ya juu kupata kipimo kimoja. Mbali na hiyo, kila mwezi hutolewa makadirio ya mavuno, matumizi na akiba duniani. Yale ya Agosti hungojewa kwa hamu zaidi kwa kuwa ndiyo ya kwanza katika msimu kuzingatia maoni ya wakulima wenyewe kuhusu mavuno wanayoyatarajia.

Taarifa hizo husomwa papo hapo katika Soko la Bidhaa la Chicago, lililoanzishwa mwaka wa 1848. Katika soko hilo, mahindi na soya huuzwa kwa mikataba ya miezi ijayo, na kila mkataba mmoja ni wa busheli 5,000. Bei hubadilika kulingana na utabiri wa mvua, wakati mwingine mara kadhaa kwa siku. Agosti 2012 mahindi yalipita dola 8 kwa busheli, na mapema Septemba soya ikakaribia dola 18. Mwaka wa 2023 bei ya mahindi ya kuuzwa Desemba ilizidi dola 6 mwezi wa Juni wakati wa hofu ya ukame, kisha ikashuka chini ya dola 5 mwezi wa Agosti mvua ziliponyesha.

Isitoshe, mavuno mazuri si mwisho wa wasiwasi. Nafaka nyingi za kuuzwa ng'ambo husafirishwa kwa mashua kubwa kupitia mto Mississippi hadi bandari zilizo karibu na New Orleans. Maji ya mto huo yaliposhuka katika miezi ya mavuno ya 2022 na 2023, mashua zililazimika kubeba mizigo midogo, na gharama za usafiri zikapanda.

Yanavyomgusa Mkenya

Ni kweli kwamba bei ya unga nchini huamuliwa kwanza na mavuno ya hapa, ya Tanzania, ya Uganda na ya Zambia. Mahindi ya Marekani kwa wingi ni ya manjano, hutumiwa kulisha mifugo na kutengeneza ethanoli, na zaidi ya asilimia 90 yamebadilishwa kijenetiki. Kenya ilipiga marufuku uagizaji wa vyakula vya aina hiyo Novemba 2012. Baraza la Mawaziri liliondoa marufuku hiyo Oktoba 2022, lakini kesi zikawasilishwa kortini kupinga hatua hiyo. Mahindi yanayotoka nje ya kanda pia hutozwa ushuru wa asilimia 50.

Hata hivyo, mambo hubadilika mavuno ya kanda yanapokosa kutosha. Wakenya wenye umri mkubwa wanakumbuka mahindi ya manjano yaliyoagizwa kutoka ng'ambo wakati wa ukame wa 1984. Mwaka wa 2017, baada ya ukame na uvamizi wa viwavi, serikali iliruhusu mahindi kuingizwa bila ushuru. Meli zilitia nanga Mombasa zikiwa na mahindi meupe kutoka Mexico, na pakiti ya kilo mbili ya unga ikauzwa kwa bei ya ruzuku ya Sh90. Bei ya mahindi meupe ya Mexico na ya Afrika Kusini haitengani sana na ile ya Chicago. Kwa hivyo, nchi inayolazimika kununua ng'ambo katika mwaka ambao Iowa imekauka hulipa gharama maradufu: ukosefu wa nyumbani na bei ya juu ya nje.

Soya huingia nchini kwa njia nyingine. Kenya huzalisha kiasi kidogo, na viwanda vya chakula cha mifugo huagiza mashudu ya soya. Bei ya dunia ikipanda, mfugaji wa kuku wa Kiambu huliona gunia la chakula likipanda, na hatimaye trei ya mayai hufuata. Mafuta ya kupikia nayo, ingawa mengi hutokana na mawese, hupanda na kushuka pamoja na mafuta ya soya kwa sababu wanunuzi wa dunia hutumia moja badala ya jingine.

Funzo kwa mkulima

Mahindi ya Trans Nzoia, yaliyopandwa Machi au Aprili, mara nyingi huchanua karibu na Julai, wakati uleule wa yale ya Iowa. Kanuni ya mmea ni ileile. Ubaridi wa usiku wa nyanda za juu za Bonde la Ufa hurefusha muda wa kujaza punje, na ndiyo faida mojawapo inayolifanya eneo hilo kuwa ghala la nchi. Upungufu wa mavuno hutokana zaidi na mambo mengine, kama vile uchache wa mbolea, mbegu duni, udongo wenye asidi na kuchelewa kupanda. Wastani wa kitaifa kwa kawaida haufiki magunia 10 kwa ekari.

Mkulima hana uwezo wa kuamuru mvua inyeshe siku mahindi yanapochanua. Anachoweza ni kupanga tarehe ya kupanda na aina ya mbegu ili siku hizo ziangukie kipindi ambacho mvua ina uwezekano mkubwa. Mbegu ya Katumani, iliyopewa jina la kituo cha utafiti kilichoko Machakos, ilitengenezwa kwa kufuata wazo hilo: ichanue mapema kabla mvua fupi za Ukambani hazijakatika. Aidha, kufunika udongo kwa mabaki ya mimea, kutengeneza makinga-maji na kupalilia mapema huacha maji zaidi ardhini kwa ajili ya zile siku kumi muhimu.

Hivyo basi, msomaji anapokutana na habari kwamba ukame umeikumba Iowa, maswali ya kujiuliza ni machache. Je, ni mwezi gani? Udongo ulikuwa na akiba ya maji? Usiku una joto au ubaridi? Je, ni mahindi au soya yaliyo hatarini? Ukame wa Juni ni onyo tu. Ule wa katikati ya Julai ni hasara kwa mahindi, na ule wa Agosti ni hasara kwa soya. Na iwapo katika mwaka huohuo mvua za masika zimekatika mapema huko Kitale na Eldoret, mwenye kununua unga dukani ana kila sababu ya kufuatilia habari hizo kwa makini.